Mwalimu Batamzinga na Akiba Isiyoguswa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sauti yangu haiko sawa, mtanivumilia. Tunamkumbuka mama mmoja, mwalimu wa lugha, aliyefundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Wanafunzi tulimwita Mwalimu Batamzinga. Naye aliitika.

Jina lilitokana na somo lake. Alimpa mtoto mmoja kadi ya "bata", mwingine kadi ya "mzinga", akawasimamisha bega kwa bega. Darasa zima likasoma: batamzinga. "Haya," akasema, "bata mnamjua, mzinga mnaujua. Huyu sasa ni nani?" Alitufundisha kuwa maneno mawili yakiungana huzaliwa la tatu, lenye maisha yake. Mimi ndiye niliyeshika mzinga, na nilijiona mtu mkubwa.

Pesa nazo aliziona hivyo hivyo. Alikuwa na akiba ya muda maalumu benki. Faida hakuitoa. Aliiacha iungane na mtaji, ili mwaka unaofuata faida nayo izae faida. "Mtoto wa pesa usimle," alitutania, "atakuletea wajukuu." Akiba hiyo ilikuwa ya binti yake wa pekee, fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza ya nyumba ya watu. Mama alitaka kumnunulia chumba cha duka. Narudia, wasikilizaji: akiba ilikuwa ya duka la binti.

Kisha akaota uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya hindi. Binti aliugundua akimpima gauni.

"Mama, tuvunje akiba, ukatibiwe."

"Tukiivunja kabla ya muda tunapoteza faida yote, mwanangu. Acha iive kwanza. Hata hauumi."

Hapo ndipo ninapokasirika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wetu alijua kuliko sisi sote jinsi kidogo kinavyozaa kingi, lakini hakutaka kuona kwamba ugonjwa nao hufuata hesabu hiyo hiyo. Uvimbe wa kwanza ulizaa wa kwapani. Wa kwapani ukafika kwenye mapafu.

Alifariki wiki moja kabla ya akiba kuiva. Wiki moja tu.

Nilikwenda kumpa pole binti yake. Nilimkuta kando ya cherehani, kitambaa bado kimebanwa chini ya sindano.

"Benki wamenipigia," aliniambia. "Wanasema hongera, akiba imeiva, imekuwa nyingi. Kaka, nani alimwambia mama nataka duka? Mimi nilikuwa namtaka yeye."

Nililia, mtu mzima na ndevu zangu.

Kwa binti, kwa ndugu wa Mwalimu na walimu wenzake, poleni sana. Mungu awape nguvu, maana sisi maneno yametuishia. Nawe unayenisikiliza, leo hii mpigie mzazi wako. Muulize anaumwa wapi. Akikujibu si kitu, usikate simu.