Karai la Maji la Mwalimu Nikodemu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Temeke na Kurasini, walimu wenzake na viongozi wa tawi, mliosimama juani sogeeni chini ya turubai, kwa sababu historia hii ya marehemu ina jambo moja zito ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe mbele ya watu wote, na mdogo wake Benedikto, ndiye huyu msomaji, ameapa kwamba hataruka hata mstari mmoja.

Mwalimu Nikodemu Albano Chilumba alizaliwa Ndanda, wilaya ya Masasi, tarehe 14 Septemba 1931, mtoto wa pili wa Mzee Albano, mchonga vinyago, na Mama Felicitas, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuhesabu, alihesabu mikorosho, alihesabu vigae vya kanisa, hata mahubiri ya padri alijua yamechukua dakika ngapi, na siku aliyozitaja hadharani mama yake alimchapa kofi ambalo alilikumbuka mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya misheni Ndanda tangu mwaka 1940, akafuzu ualimu Peramiho mwaka 1953, akafundisha Masasi miaka mitano, na tarehe 6 Januari 1958 akahamia Dar es Salaam, akapangiwa shule moja ya msingi hapa Temeke, akawa hapo usiku ule wa Uhuru, akawa hapo lilipotangazwa Azimio, na jioni akawafundisha kusoma wapagazi wa bandarini waliokuwa wakubwa kuliko baba yake, wakimwamkia shikamoo kwa utani naye akijibu marahaba bila kucheka.

Alifunga ndoa na Yuliana tarehe 20 Julai 1957, Mungu akawajalia watoto wanne, Gregori na Anastasia mnawaona hapa mbele, Margareta yuko safarini anatoka Songea, na Leonardi alitangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Waliopita mikononi mwake wanajua kwamba kwake hisabati haikuwa kujumlisha na kutoa tu, alipenda kusema kila anayetazama angani leo anatazama kwa macho ya watu waliokufa zamani, akisimulia habari za al-Battani aliyepima urefu wa mwaka kwa kulifuatilia jua, miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, na vipimo vyake vikawafaa Wazungu waliokuja baadaye, na za Kepler, aliyedhoofishwa macho na ndui utotoni na bado akagundua kwamba njia za sayari si duara, na za Gauss, kijana wa miaka ishirini na minne, aliyeitafuta kwa kalamu sayari ndogo iliyowapotea wenye darubini, ikakutwa karibu kabisa na pale alipoonyesha, na akimaliza huongeza kwamba wale waliofika mwezini mwaka 1969 bila Newton wasingefika hata Kigamboni.

Basi mwaka 1976 zilipokuja habari kwamba jua litapatwa lote hapa hapa Dar es Salaam, Mwalimu hakungoja kuambiwa na redio, alifunga mlango wiki mbili na vitabu vyake, akaandika ubaoni kwamba tarehe 23 Oktoba, siku ya Jumamosi, kabla ya saa moja asubuhi, kutakuwa giza, akataja dakika na sekunde, wengine mtaani wakasema mwalimu sasa amerukwa na akili, wengine wakaanza kusali.

Kila mtu wa hapa anajua jinsi wazee wa pwani walivyotazama jua likipatwa, huwekwa karai la maji uani, watu wakainama kulitazama jua ndani ya maji, na Mwalimu akaona hiyo ndiyo njia salama kwa watoto wake, akaweka karai la bati uwanjani, akawaamuru wote wainame na asiwepo wa kuinua uso, wengine wakapokezana kuchungulia, lakini mmoja akapewa saa ya mkononi ya Mwalimu na kazi ya kutobandua macho majini mwanzo mpaka mwisho, aandike kila dakika, naye alikuwa Tunu, binti wa Mzee Mwinjuma wa bandarini na Bi Mwanabaraka, mwanafunzi wa darasa la sita, umri miaka kumi na minne, kichwa ambacho Mwalimu alisema hajaona mfano wake miaka yote ya chaki.

Jua lilitoka likiwa limekwisha kumegwa, giza likaja, majogoo wakachanganyikiwa, watu wakapiga madebe, na saa ya Tunu na hesabu ya Mwalimu zikapishana kwa sekunde nane tu, jamani, sekunde nane, watu wakambeba Mwalimu mabegani mpaka barabarani, na tangu siku hiyo Temeke nzima ilikuwa ikisema kwamba Mwalimu Nikodemu hakosei.

Jumatatu Tunu hakuona kilichoandikwa ubaoni, akitazama uso wa mtu anaona masikio na kitambaa cha kichwani, katikati hamna kitu, na daktari wa macho akasema jua limemchoma na hakuna dawa.

Tarehe 1 Novemba 1976 kamati ya shule ilikaa, Tunu akaeleza kwamba alitazama ndani ya maji tu kama alivyoagizwa, ndipo Mwalimu akaulizwa kama yamkini binti aliinua uso akalitazama jua lenyewe, naye akajibu neno moja, inawezekana, na kwa kuwa aliyelisema ni yule asiyekosea hata dakika moja ya jua, likawa ndiyo kweli yenyewe, binti akaitwa mkaidi, wachumba wawili wakarudi nyuma, na Mzee Mwinjuma akafariki mwezi Mei 1980 akimwombea mwanawe asamehewe ukaidi ambao hakuufanya.

Hapa yanafuata maneno ya marehemu mwenyewe, kama alivyoyatamka kwa ulimi mzito baada ya kiharusi cha tarehe 11 Desemba 1983, mkono wake wa kulia ukiwa umekufa na Benedikto akimwandikia, kwamba alikuwa amekwisha kulijua kosa lake siku nne kabla ya kamati, alikaa peke yake uwanjani asubuhi na karai lile lile, akapima, akaona kwamba karai la wazee ni la jua la utosini, maji hulimeza jua la juu, lakini jua la asubuhi ile lilikuwa halijafika nyuzi kumi kutoka upeoni, na jua la chini kiasi hicho maji hayalimezi, yanalirudisha machoni kama kioo, kwa hiyo alikuwa amekokotoa mwendo wa mwezi na wa dunia kwa urithi wa wakubwa wote aliowasifu, akasahau pembe moja ambayo mwanafunzi yeyote angeipima kwa kijiti na kivuli chake.

Benedikto alitaka kuandika kwamba ilikuwa bahati mbaya, marehemu akamfanya ayakate maneno hayo, akasema pembe ni kosa lake, lakini lile neno alilosema mbele ya kamati ni dhambi yake.

Nyumbani tulidhani ni wazimu, alikuwa hawezi kuona chombo cha maji kiko wazi, ndoo zifunikwe, karai lipinduliwe, Yuliana akifua mchana Mwalimu yuko ndani amefunga dirisha, mvua ikinyesha anatoka kufukia madimbwi kwa jembe, na asubuhi alikunywa chai akilipa jua mgongo, kwa sababu, alisema, kila maji yaliyotulia yalimwonyesha uso wa binti umeinama, unahesabu, hauinuki, nanyi leo mmeona vyombo vya kunawia vimefunikwa kanga, sasa mnajua kwa nini.

Miaka mitatu na nusu alikwenda kila Jumamosi kwa kina Tunu kumfundisha kwa mdomo, akimsimulia Euler, ambaye alipofuka na bado akakokotoa mwendo wa mwezi kichwani, wengine wakimwandikia, mpaka Jumamosi moja, arobaini ya babake ikiwa imepita, Tunu akamuuliza kama Euler naye alikuwa na mwalimu, na kama mwalimu huyo alisema kweli, Mwalimu akachukua kofia yake, akaondoka, hakurudi tena.

Alizidiwa tarehe 5 Machi 1984, akafariki siku ya Alhamisi tarehe 8 Machi, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, mapazia yakiwa yamefungwa kwa agizo lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, walimu waliomfundishia vipindi, balozi wa nyumba kumi, na majirani mliochanga sukari wakati huu ambapo sukari haionekani, wallahi hatuna cha kuwalipa, na tunamshukuru Bi Mwanabaraka, aliyekuja mapema kututwangia, wakati bado hajayasikia haya.

Yamebaki maneno matatu ya kumtakia pumziko, ambayo kila historia ya marehemu huishia nayo, nayo ametukataza kuyasema, amesema ni ya Tunu peke yake, akipenda ayatamke, asipopenda tunyanyue jeneza twende, wala asilaumiwe na mtu, kwani yeye alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Tunu, mwanangu, tunajua umekaa pale mkekani karibu na mama yako, nasi tunakungoja wewe.