Fotha ya Cuthbert Vipond

Mheshimiwa Diwani Emerson. Mchungaji Teasdale wa kanisa letu. Bwana Lyddon, msimamizi wa ardhi yote ya bonde hili, ambaye tumemkalisha mstari wa mbele ili baadaye asije akasema hakusikia. Wazee wa nyikani. Kina mama mliooka tangu juzi. Na ninyi vijana mnaoitazama meza ya chai kuliko mnavyonitazama mimi: salaam, na karibuni Thornhope.

Naitwa Hannah Coulthard, wa nyumba ya High Rigg. Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga Mzee Cuthbert Vipond, ambaye kwa miaka arobaini na minne amekuwa mwitaji wetu pale kwenye geti la nyikani. Waliniambia machache. Anayenijua anajua kwamba hapo walikosea mtu.

Nianze na lililo moyoni, kwa sababu sijui kulificha. Jumamosi hii ndiyo siku ya mwisho ya kushusha mboji, ule udongo mweusi wa nyikani tunaoukata vipande na kuuchoma badala ya kuni. Kila mmoja wetu anaijua sheria: nyumba isiyoshusha fotha moja kabla jua halijatua siku hiyo inapoteza shimo lake la kukatia mboji nyikani, shimo likishapotea halirudi, na nyumba isiyo na shimo haina moto wakati wa theluji. Leo ni Alhamisi. Nyumba zetu ni thelathini na mbili, na kwenye nguzo ya geti zimekatwa alama thelathini na moja. Nyumba iliyobaki ni ya huyu tunayemuaga. Ndiyo, Mzee Cuthbert, nimelisema mbele za watu. Usinikunjie uso.

Vijana, ninyi siku hizi mnasema tani, mnasema lori moja, malori mawili, na neno fotha mnaliona kama kofia ya babu. Bibi yangu alilitumia kwa kila kilichozidi: fotha ya theluji, fotha ya watoto, na babu akianza kuhubiri mezani, fotha ya maneno. Kule kwenye tanuri la kuyeyushia madini ya risasi, enzi machimbo yake yalipokuwa hai, fotha ilikuwa uzito wa mizani, ratili elfu mbili na zaidi, na hata hapo kila mji ulikuwa na fotha yake. Lakini nyikani hatukuwahi kuwa na mizani. Nyikani fotha ni ule mzigo ambao kilichopo nyumbani kwako kinaweza kuuvusha kijitoni na kuupandisha kile kilima cha mwisho mpaka getini. Mwenye farasi wawili, fotha yake kubwa. Mwenye farasi mzee, fotha yake ndogo. Na zote mbili hukatiwa alama ya urefu ule ule kwa kisu kile kile. Cha kuazima hakihesabiwi, na wazee hawakuwa wajinga walipokikataza, maana walijua mwenye farasi wengi akianza kukusaidia kila mwaka, mwaka wa kumi shimo litakuwa lake.

Kazi ya mwitaji ni nini basi? Ni kusimama pale, kuutazama mzigo, kumtazama aliyeubeba, kisha kuita. Akisema fotha, ni fotha, na hakuna wa kubisha.

Sasa niwape habari ya miaka kumi na tisa iliyopita. Wengine mliiona, wengine mmeisikia ikiwa imetiwa chumvi, na mimi ninayeisimulia ndimi iliyonipata. Mwezi wa tatu mume wangu Joseph aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo ya mawe, akafariki. Mwezi wa tano farasi wetu akafa kwa tumbo. Nikabaki na punda mmoja, Jemima, mwenye tabia mbaya kuliko yangu. Na kiangazi hicho hicho akatufikia msimamizi mpya, kijana, msomi, viatu vinang'aa, Bwana Lyddon huyu huyu mnayemwona.

Bwana Lyddon alikuwa amesoma kitabu. Kitabu kikamwambia fotha ni ratili elfu mbili na kadhaa. Akatuandikia barua, ikabandikwa mlangoni mwa kanisa, kwamba kuanzia mwaka ule fotha itapimwa, na asiyefikisha atahesabiwa kuwa hakushusha kitu. Akazitoa mizani za zamani kule kwenye tanuri la risasi, akazisimika getini. Jamani, nilalamike kwa nani? Jemima angebeba ratili elfu mbili labda akifa na kufufuka mara kumi.

Na hapa nitakiri kitu ambacho sijamwambia mtu. Asubuhi ile, kabla sijapakia mzigo, niliimwagia mboji yangu maji. Ndoo nne. Nilitaka iwe nzito. Ninyi wote mnajua kwamba mboji iliyolowa haiwaki, na kwamba tunaianika wiki sita kwa jasho letu, kisha mimi nikailowesha kwa mikono yangu mwenyewe. Ndivyo hofu inavyomfanya mtu.

Nikafika getini, matone yanadondoka kutoka kwenye vikapu. Mzee Cuthbert akanisogelea kama anayemkagua punda mkanda, akaninong'oneza.

"Hannah, mboji yako inalia."

Nikamwambia, "Na mwenyewe nalia."

Mizani ikasoma ratili mia mbili na kumi, maji yakiwemo. Bwana Lyddon akafunga daftari lake akasema kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko tusi, kwamba anasikitika lakini sheria ni sheria. Ndipo Mzee Cuthbert alipovua kofia. Mnajua yeye havui kofia ovyo.

Akasema, "Bwana, kitabu chako ni kizuri, ila hicho ni cha risasi. Nyumba unayoishi wewe, nayo ina shimo nyikani, na bado haijashusha. Siku ya mwisho ndiyo leo. Basi tuletee fotha yako kwa kipimo chako, tujifunze."

Bwana Lyddon alikuwa na farasi mmoja mweusi, wa miguu membamba, mzuri wa kutazamwa. Tukamsaidia kupakia mkokoteni, wala hatukumwonea. Tukahesabu vikapu mpaka zikatimia ratili za kitabu chake. Farasi akavuka kijito. Kwenye kilima akapiga hatua sita, akasimama, akamgeukia bwana wake. Mheshimiwa Diwani, wewe ulikuwepo, ulisimama ukutani ukila tufaha. Bwana Lyddon akashuka, akasukuma kwa bega, matope mpaka magotini. Akapunguza nusu. Farasi akasimama tena. Akapunguza nusu ya nusu. Hatimaye akafika getini na mzigo mdogo, amelowa jasho, kola ya shati imekatika.

Sasa niwaulize: ingekuwa ni wewe, ungefanya nini? Mimi najua ningefanya nini. Ningemsomea barua yake mwenyewe neno kwa neno, na ningeisoma polepole. Mzee Cuthbert alimtazama farasi aliyekuwa akitetemeka, akamtazama kijana aliyekuwa akihema, akatoa kisu.

Akaita, "Fotha."

Akakata alama ya nyumba ya msimamizi. Halafu akamgeukia Jemima, akaita tena, "Fotha," na akakata yangu. Zinalingana. Nendeni mkazipime.

Bwana Lyddon, nakusifu mbele za watu, maana wengi katika cheo chako wangetuchukia hadi leo. Wewe uliziondoa mizani zile kabla ya Jumapili, na tangu hapo hujatuandikia barua bila kwanza kunywa chai na Mzee Cuthbert. Ulijifunza. Wenye vyeo wanaojifunza ni wachache, nasi tunaye mmoja.

Na wewe, mzee wangu. Umewaita wajane, umewaita vilema, ulimwita marehemu Nattrass alipokuja akivuta mkokoteni mwenyewe kama ng'ombe. Hakuna nyumba iliyozimika moto mikononi mwako. Kisha farasi wako Bess amekufa mwezi wa pili, mgongo wako umekataa, na watu wanne tumekuja kwako mmoja mmoja kukuuliza utafanyaje. Mimi ulinijibu nini pale mlangoni? Ulisema, "Sina farasi, Hannah, sina fotha. Sitaipindisha sheria kwa ajili yangu." Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ile bado ninayo, ndiyo inayoongea hapa. Sisi ulitutazama kwa jicho moja, wewe unajitazama kwa mizani ya risasi.

Ndugu zangu, mkutano wa nyumba ulikaa juzi ukanichagua mimi kuwa mwitaji. Mwanamke hajawahi kushika kisu kile, na wapo walioguna. Nimewasikia, nawajua, na mboji zao nitaziita kwa haki vile vile. Basi hii ndiyo hukumu yangu ya kwanza, na kwa sheria yetu haina rufaa.

Cuthbert Vipond, sheria inauliza kilichopo nyumbani kwako. Kuna mikono miwili, kuna mgongo mbovu, kuna kikapu. Jumamosi panda nyikani. Mtu asikubebee hata kipande, na atakayejaribu nitamrudisha. Ukiweza vipande vitano, lete vitano. Ukiweza kimoja, lete kimoja, pumzika kijitoni, pumzika kilimani, kaa chini ukitaka. Hiyo ndiyo fotha yako, na sina ruhusa ya kuikataa, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio, na chai iko tayari. Mzee, mimi nitakuwa getini tangu saa kumi na mbili asubuhi, na sitaondoka kabla hujafika.