Namba ya Nyumba Niliyoisahihisha

Sogeeni, wanangu, na wewe kaka mtu funga hilo dirisha, maana sauti yangu haishindani tena na magari. Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa; vitabu mgawane bila kununiana; na kitanda hiki cha mama yenu, tuliyemzika miezi miwili iliyopita, msikiuze. Hayo ndiyo mepesi.

Zito ni lako, binti yangu. Jana uliniambia mhariri wako anataka ujiunge kwa siri na hao wanaopita mitaani wakipiga kelele kwamba wageni watoke, ukae nao, uandike. Nilipotikisa kichwa ukacheka: "Baba nawe! Si wewe mwenyewe uliingia? Na ngao ya tuzo si ile pale ukutani?" Ndiyo, niliingia. Sikiliza basi kilichoko nyuma ya ngao.

Nilikuwa mwandishi wa gazeti kama wewe, nikajifanya karani aliyefukuzwa kazi. Miezi minane nilikaa na wapinga wageni wa enzi zile chumba cha nyuma cha duka la rangi, nikaimba nyimbo zao, nikacheka mizaha yao, na kwa sababu ya mwandiko wangu wakanikabidhi daftari la mikutano. "Msomi wetu," waliniita, na Mungu anisamehe, nilipenda. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nami nilijisifu moyoni kuwa ndimi ninayewala. Siku moja mwenyekiti akanipa orodha ya nyumba za wageni za "kutembelewa", niinakili daftarini. Fundi cherehani mmoja, mgeni, aliandikiwa namba kumi na nne. Kumi na nne lilikuwa ghala tupu. Fundi alikaa arobaini na moja, nami nilijua, maana ndiye aliyenishonea suti ya harusi. Mkono wangu ukakata kumi na nne, ukaandika arobaini na moja. Hakuna aliyeniamuru, wanangu. Ni ile tabia yangu ya kutovumilia kosa kwenye karatasi.

Nilipozinduka nikamkimbilia mhariri wangu. "Ukimwonya watajua kuna mtu ndani," akasema, "na habari haijaiva. Vumilia wiki moja tu, kaka." Nimemchukia mtu yule hata baada ya kumfukia, lakini miguu ya kwenda kwa fundi ilikuwa yangu, si yake. Nikavumilia. Siku ya nne wakamtembelea kwa petroli. Alitoka hai, vidole vimeungua vikashikana. Hakushika sindano tena mpaka kufa kwake.

Habari ikatoka, viongozi watatu wakafungwa, nikapewa ngao. Ukurasa ule wa orodha, uliobaki daftarini, sikuuchapisha. Mama yenu, aliyekuwa akisoma kazi zangu zote kabla ya mtu mwingine, akaukuta, akaujua mwandiko. "Umeisahihisha?" Nikasema ndiyo. Akalifunga daftari. Tuliishi miaka ishirini na sita baada ya hapo, akanitunza, akaniuguza, lakini hakusoma tena hata mstari wangu mmoja. Nilikuwa nikingoja aniulize kwa nini. Sasa hakuna wa kuniuliza.

Sikukatazi, binti yangu. Watu wale wapo, na lazima mtu awaone kwa karibu. Ila kabla hujaingia, mhariri wako atie saini kwamba ukiona mtu yumo hatarini utamwonya, habari ife kama ni kufa. Akikataa, rudi nyumbani. Na siku watakayokusifu kwa kuifanya vizuri kazi yao, toka siku hiyohiyo. Mchezea tope humrukia. Lililonirukia mimi lilimchafua mwingine.

Kaka mtu, panda kiti, iteremshe ngao. Ukurasa nimeubandika nyuma. Upelekeni kwa binti wa fundi, yule anayeshona sare za shule karibu na stendi. Msimweleze wema wangu. Akitaka uchapishwe, uchapishwe kwa jina langu kamili. Akiwatukana, simameni mtukanwe.

Mungu awape... awape mikono mizito, wanangu, na miguu myepesi. Mpendane. Maji, hapana, acha maji. Umeubandua? Nionyeshe. Macho hayaoni... Ile namba niliyoikata, inasomeka bado? Nisomee. Siyo hiyo. Ya kwanza, mwanangu. Nisomee ile ya kwanza.