Mama Nyuzi na Fomu ya Wiki Nzima

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia, na nitasoma karatasi hii kama alivyoiandikisha mwenyewe, pamoja na sehemu ambayo baadhi yetu tulimwomba aiondoe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akajifunza upishi kuanzia 1976 hadi 1978, na Januari 1979 akaajiriwa kuosha vyombo katika jiko la chuo cha ualimu, ambako alipanda hadi kuwa mpishi mkuu mwaka 1991. Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1982, na fundi umeme, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu wanne.

Sasa nafika kwenye sehemu hiyo, na naomba mnivumilie.

Mpishi mkuu alitakiwa kupima joto la chumba cha baridi kila asubuhi na jioni, na kuliandika kwenye fomu iliyotundikwa mlangoni. Jumatatu, tarehe 9 Machi 1998, kazi zikiwa zimemzidi, dada yetu aliijaza fomu ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, nyuzi joto nne kila mstari, mpaka Ijumaa ambayo ilikuwa haijafika. Jumatano mashine ya baridi ilizimika bila mtu kugundua, kuku waliopikwa siku hiyo wakalala humo, wakapashwa moto juu juu Alhamisi mchana, na wanachuo thelathini na wanane wakatapika na kuharisha, ingawa wote walipona. Wakaguzi waliiamini fomu, wakaamua kwamba kuku walipokelewa wakiwa wameharibika, na mtunza stoo aliyewapokea akafukuzwa Jumatatu, tarehe 23 Machi, mbele ya wafanyakazi wote, huku dada yetu akiwa amesimama pale pale na kalamu yake mfukoni.

Tangu hapo hakutulia. Alitembea na kipimajoto kwenye mkoba, akakitumbukiza kwenye sufuria za harusi na za misiba ya watu, akagombana na mawifi, akiuliza nyuzi ngapi, nyuzi ngapi, hata mkaanza kumwita Mama Nyuzi, na wageni mtaani wakawa wanabisha hodi kutaka nyuzi za kushonea. Mlidhani ni ukali wa kazi. Mwaka 2003 alimfuata mtunza stoo nyumbani kwake kumwomba radhi, naye akamjibu, "Mimi sikufukuzwa chumbani, usiniombe radhi chumbani." Mara tatu alikwenda kwenye mikutano ya chuo na maungamo yake kwenye mkoba, na mara tatu alirudi nayo. Alistaafu tarehe 30 Juni 2017.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara nne, na wodini alipima uji kabla ya kuunywa, hadi wauguzi wakamficha kipimajoto. Nilipomwambia, "Dada, haya yatatutia aibu," alisema, "Aibu ni yangu, wewe kazi yako kusoma." Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, saa tatu asubuhi.

Basi nimesoma, mbele za watu kama ilivyotakiwa: mtunza stoo hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la dada yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuachia nyua na majiko yenu, na wafanyakazi wenzake wa chuo, hasa mmoja, ambaye tulimpelekea nakala ya karatasi hii juzi bila kujua kama atakuja. Alifika leo asubuhi, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akakichukua kipimajoto mkononi mwa binti wa marehemu, akapima sufuria zote, na mbili akaamuru zirudishwe motoni, ndiyo maana chakula kimechelewa na naona mnaangalia saa. Fomu ya joto ameitundika mlangoni mwa jiko, ameijaza kwa mkono wake, ya leo tu.

Dada, pumzika kwa amani.