Gari Kuukuu Lililonirudisha Mlimani

Ndugu zangu, habari za mchana. Walionipa Bwana asifiwe nimewaitikia, walionipa asalaam aleikum nimewaitikia, na vijana wa "mambo" nimewaambia poa. Nimekaa kwenye kikundi hiki muda mrefu nikiwasikiliza nyie mkisimulia ajali zenu, nikilia na nyie, halafu ikifika zamu yangu nakwenda kuangalia kama chai imechemka. Leo mwenyekiti ameagiza chai iletwe mapema. Basi, nimeshikwa.

Mimi ni mama wa dukani. Nauza spea za magari pale mtaa wa Gerezani, na nyumbani kwangu ni Ilala. Kwetu ni Rombo, na sina haja ya kuwaambia, lafudhi imeshawaambia. Sasa mnajua mnavyotutania sisi Wachaga, kwamba Desemba ikifika tunakimbilia mlimani kuhesabiwa. Tutanieni tu, ni kweli. Mchaga asiyeonekana kwao Krismasi, watu huulizana amepatwa na nini. Mimi nilipatwa.

Ilikuwa Desemba, mchana kweupe, tunapanda nyumbani. Naendesha mwenyewe, baba watoto yuko kando yangu, watoto nyuma wanagombania karanga. Lori likaamua kulipita lori lenzake kwenye kilima. Nikaliona mbele yangu, upande wangu, kubwa kama nyumba. Nikakata usukani, tukaingia bondeni. Nakumbuka mvuke mweupe ukipanda kutoka kwenye boneti, na kelele za watoto. Baada ya hapo sikumbuki.

Hakuna aliyekufa. Mguu wangu ulivunjika na ukaunga. Na nawaambia ukweli, hilo ndilo lililonifunga mdomo hapa ndani. Kuna watu kwenye viti hivi wamezika. Nilijiuliza, mimi nina haki gani ya kulia?

Lakini mguu ulipona, kichwa hakikupona. Nikikaa ndani ya gari, nikaona gari jingine linakuja mbele, mikono inakufa ganzi na tumbo linageuka. Dereva awe nani, haijalishi. Nikawa natembea kwa miguu kutoka Ilala mpaka dukani, jua kali, mvua ya masika, mama mzima viatu mkononi. Nauza pedi za breki, nauza mikanda ya injini, na gari lenyewe siwezi kuliingia.

Na mlimani sikwenda. Krismasi ya kwanza nikamwambia mama kwenye simu, biashara imenibana. Ya pili nikasema mguu. Mtaniambia kuna treni, kuna ndege. Ndiyo zipo. Na kutoka Moshi mjini kupanda mpaka Rombo ningepanda nini, punda? Mama hakunigombeza hata mara moja. Kila mwaka mbuzi akichinjwa alinitengea fungu langu la nyama, jioni akampa jirani. Mwaka wa tatu akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mimi nazeeka. Nisije nikaondoka hujafika." Nilikata simu nikaingia stoo, nikalia katikati ya maboksi ya plagi.

Sasa niwaambie habari za jirani yangu. Duka lake la vitambaa linatazamana na mtaa wangu wa spea. Ni mwanamke wa Kiarabu, familia yao iko mjini hapa tangu babu wa babu, ana wajukuu, na sauti yake ikiita mteja inafika mpaka barabara ya pili. Alinitazama nikipita na viatu mkononi mpaka akachoka.

"Shoga," akaniambia, "utatembea mpaka lini? Jumamosi twende wote ng'ambo, Kigamboni. Nataka ukanione."

"Nikuone unafanya nini?"

"Nakimbiza gari."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Kumbe hatanii. Kuna kiwanja cha lami ng'ambo kule, wapenzi wa mbio wanakikodi, wanapanga matairi pembeni, kila mtu anazunguka kwa zamu kutafuta kasi yake mwenyewe. Wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Na shoga yangu huyu, bibi wa vitambaa, alikuwa mmoja wao.

Nilikwenda. Sikukaa kwenye kiti kama binadamu, nililala kiti cha nyuma cha gari lake nimejifunika khanga usoni kama mzigo wa dagaa. Magogoni nikashuka, nikavuka na pantoni nimesimama na watembea kwa miguu. Ng'ambo nikajifunika tena. Shoga yangu hakunicheka. Alikuwa anaendesha polepole huku ananisimulia bei za satini.

Kule nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya matairi. Yeye akavaa helmeti juu ya mtandio wake, akajifunga mkanda, akaondoka. Ndugu zangu! Yule mwanamke anayepima kitambaa kwa dole gumba aliingia kona ya pili gari limelala upande, likatoka limenyooka, na wala hakuonekana kuhangaika. Nilisimama. Nilipiga kigelegele bila kujijua.

Na mimi nilikuwa nasubiri tumbo ligeuke. Magari yananguruma, matairi yanalia, na mimi nasubiri. Halikugeuka. Nikakaa nikitafuta sababu, na sababu ilikuwa hii: kwenye kiwanja kile hakuna anayekuja mbele yako. Wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna lori, hakuna bodaboda, hakuna mtu wa kukuvamia kutoka kilimani. Ilikuwa barabara pekee duniani ambayo mwili wangu haukuikataa.

Nikamwambia shoga yangu, nitafutie gari.

Baba watoto aliposikia aliweka kijiko chini. "Gari zima umeliogopa, sasa unakwenda kununua bovu?"

Si bovu, baba. Kuukuu. Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, limekaa chini hata paka anafikiria mara mbili kupita uvunguni, rangi nyekundu iliyopauka mpaka imekuwa kama ya udongo wa kwetu Rombo. Gia za mkono. Na kwenye dashibodi, kilomita zaidi ya laki tatu. Nyie mnaijua Bongo. Gari la laki tatu, likifika kwa dalali, linaamka asubuhi na kilomita elfu themanini. Mimi naishi katikati ya biashara hiyo, huwa siangalii namba, naangalia mpira wa pedali ya klachi. Ukiwa umelika na namba ni ndogo, unaongopewa. Kwenye gari hili mpira ulikuwa umelika na namba ilikuwa kubwa. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, akaniambia, "Mama, limetembea. Lakini nilikuwa nalihudumia." Nikaliwasha. Likatetemeka kidogo, likatulia, likanguruma vizuri, sauti nzito isiyo na kikohozi. Nikalipenda papo hapo, siwafichi. Limepita njia zote hizo, na bado ukiliita linaitika.

Nikabadilisha breki zote, matairi, mabomba ya maji, vyote kutoka kwenye rafu zangu. Shoga yangu akawa analivusha yeye, mimi na khanga yangu nyuma. Tukifika uwanjani nahamia mbele.

Siku ya kwanza nilizunguka kwa mwendo wa maandamano. Siku nyingine nikaongeza. Gari lile lilikuwa linanifundisha lenyewe. Ukikosea kona linakuambia kwa usukani, taratibu, halikuadhibu. Ikafika Jumamosi moja nikasema leo naliachia. Nikaingia gia ya tatu kwenye mstari mnyoofu, upepo unapiga, nasikia kitu kifuani ambacho sikukijua jina, baadaye nikakumbuka kinaitwa furaha.

Na hapo hapo, mvuke mweupe ukapanda kutoka kwenye boneti.

Ule ule. Nyie mnaojua, mnajua. Nikamwona shoga yangu anaruka matairi anakimbia kuja kwangu, mtandio mkononi, anaamini atanikuta nimezimia. Nikatoa gari pembeni. Nikazima. Nikashuka, nikafungua boneti, nikagusa rejeta: vuguvugu tu, na injini inatokota. Na nikasikia mtu anafoka, "Nani ametoa themostati humu? Fundi gani huyu? Nani?"

Kumbe ni mimi.

Niwaeleze wasiojua. Themostati ni kidude kidogo kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Mafundi wetu wa Dar wana tabia ya kukitoa na kukitupa. Ukiuliza, wanakujibu, huku kwetu joto, hicho ni cha Ulaya. Na sisi wote tumekubali. Dukani kwangu ndiyo spea inayokaa rafuni mpaka boksi linaota vumbi. Nilikagua gari lile kila mahali isipokuwa hapo, maana nani anakagua kitu ambacho mji mzima unasema hakina kazi? Kumbe kwa injini ya aina ile, ukikitoa, maji ya moto yanapita njia ya mkato, hayafiki kwenye rejeta. Mjini kwa mwendo wa foleni inavumilia. Ukiikimbiza, inachemka.

Shoga yangu akafika anahema. "Uko sawa? Uko sawa?"

"Siko sawa, nina hasira! Wametoa themostati!"

Akanitazama. Akatazama mvuke. Akaanza kucheka, akakaa chini kwenye lami na baibui lake zuri. Ndipo nikaelewa anacheka nini. Mvuke ulipanda mbele ya uso wangu, na hasira ilifika kabla ya hofu. Kwa miaka yote ile mvuke ulikuwa kifo. Siku ile ulikuwa kidude cha kutosha kiganjani, kipo dukani kwangu, rafu ya chini. Nikalia, jamani. Nililia nimeshika boneti ya moto mpaka nikaungua vidole.

Nikafunga themostati mpya kwa mkono wangu. Halijachemka tena.

Sisemi siku iliyofuata nilikuwa shujaa. Nilianza kukaa kiti cha mbele macho nimefumba. Halafu nikafumbua jicho moja. Halafu nikaendesha mimi, alfajiri za Jumapili, mitaa ya Ilala ikiwa mitupu. Mara ya kwanza gari lilipokuja mbele yangu nilisimama pembeni nikatapika. Nikafuta mdomo, nikaendelea.

Desemba ile nilikwenda mlimani. Ndani ya gari jekundu lililopauka, baba watoto ameshika mpini wa juu ya mlango kuanzia Kibaha, hakuuachia mpaka Mwanga. Nilipofika kwenye kilima kile, lori likaja, kwa upande wake, dereva akanipungia mkono. Nikampungia.

Mama alikuwa kwenye migomba. Akatoka na panga lake, akalizunguka lile gari lote, akainama kuchungulia matairi. Akaweka kiganja juu ya boneti, akaliambia gari, "Aika." Kwetu ni asante. Kisha ndipo akanigeukia mimi. Tulivyoshikana hapo, sitaweza kuwasimulia.

Nyama yangu nilikula mwenyewe.

Ndugu zangu, nashukuru. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru shoga yangu, ambaye angeweza kunihurumia tu akaendelea na satini zake, lakini alinibeba kila Jumamosi chini ya khanga bila kumwambia mtu. Mwanamke yule ni simba, na asiyeamini akamtazame kwenye kona ya pili. Namshukuru baba watoto kwa kuogopa kimya kimya. Na nawashukuru nyie, mlioniacha nihangaike na chai mpaka nikawa tayari.

Kama nina la kuwapa, ni hili. Mimi nilidhani nitapona kwa kusubiri ujasiri uje. Haukuja. Nilianzia mahali padogo ambapo mwili wangu ulikubali, hata kama pangeonekana kichekesho kwa wengine, mama wa makamo ndani ya gari la vijana. Tafuta mahali pako padogo. Huenda ni kukaa ndani ya gari lililozimwa. Kaa. Asiyeelewa mwache acheke.

Na kabla sijakaa. Mama yangu alikuwa hajashuka Dar tangu nijifungue mtoto wa mwisho, alisema mji huu una joto na kelele. Wiki iliyopita akapiga simu. Akasema nataka kuja, lakini sipandi basi, nataka uje unichukue wewe. Nikaenda, tukashuka wawili, njia nzima ananiambia niongeze mwendo.

Ni yule bibi mwenye kitenge cha njano, pale mwisho, anayejifanya hasinzii. Mama, simama watu wakuone.