Chatu Watatu Mu Mashini ya Padri

Pale Pinga, ukishuka kutoka soko ya kati kabla barabara haijawa matope matupu, utaona benchi ya mbao imeegemea ukuta wa Mama Francine. Yeye anauza kahawa na anafanya fotokopi, vyote kwa mulango mumoja, sababu yeye njo mwenye pano kubwa ya jua, ile ya kutoa umeme, kwenye mabati. Asubuhi benchi hiyo huwa na wenyewe. Kuna Papa Edmond, muwindaji wa zamani ambaye watu wanamuita Mutego. Kuna Papa Albert, aliyekuwa karani wa groupement, ofisi ya chefu, miaka makumi mbili, na jina lake hapo ni Ofisieli, sababu hawezi kufungua kinywa bila kuanza na neno hilo. Alhamisi ile wakamukuta Mwalimu Emérita amekwisha kukaa katikati yao, kompyuta juu ya magoti, kahawa imepoa pembeni, na uso wake wa muntu anayetafuta wa kugombana naye.

— Mwalimu, unatoka jasho na baridi hii? Papa Edmond akauliza.

— Papa, acha tu. Ni Python.

Alilitamka vile Wafaransa wanavyolitamka, piton, jina lao la chatu. Papa Edmond akaweka kikombe chini polepole.

— Chatu? Iko wapi?

— Humu ndani, Emérita akasema, akigonga kompyuta kwa kidole. Na haiko moja. Iko mbili.

Papa Edmond akahama mupaka mwisho wa benchi.

Ikabidi Emérita aeleze. Python ni luga, muntu anaitumia kuiandikia mashini kazi ya kufanya. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika programu ndogo kwa luga hiyo: inasoma madaftari ya shule yaliyoingizwa mu kompyuta na kutoa liste ya wanafunzi wote themanini na saba wa Egzetat, mutihani wa serikali, kila muntu na tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka uliopita waliandika liste kwa mukono. Musichana mumoja, Umurerwa, akaandikwa kwamba amezaliwa mwaka elfu mbili mia moja na tano. Wakamurudisha nyumbani siku ya mutihani, eti hajazaliwa bado. Alilia kwa ukuta huu huu. Emérita akaapa siku ile kwamba kalamu haitagusa tena tarehe ya mutoto wa muntu.

Lakini kompyuta yake, yenye mufumo wa Windows, ilikufa juzi; programu na madaftari vikabaki mu kle, ile flash ndogo. Padri akamuazima ya parokia. Hiyo haina Windows, inasimamiwa na mufumo mwingine, Linux. Na saa ine kamili Trésor, mwendesha moto, yaani pikipiki, atapita kuchukua liste kuipeleka kwa inspekta kule Masisi. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

— Basi iambie mashini ifanye, Mama Francine akasema.

— Nimeiambia. Python ya kwanza ni ya zamani, namba mbili. Imeona jina langu mwanzoni mwa programu, ile E yenye kamustari juu, ikakataa. Haijui kamustari.

— Eh! Na Bénédicte wa darasa lako naye?

— Bénédicte, Joséphine, wote imewakataa. Nikaita ya pili, namba tatu nukta tano. Hiyo inakubali majina, lakini programu yangu nimeiandika kwa jinsi ya kisasa kidogo. Imefika mustari wa tisa ikasema hapana, haijaona maandishi kama haya tangu izaliwe.

— Njo vile, Papa Edmond akasema, sasa akiwa amerudi karibu kidogo. Chatu mbili mu shimo moja, kila moja inachunga mulango wake. Mwaka ule kule nyuma ya mutoni Oso, nilikuta mbili namna hiyo. Moja ilimeza ingine. Nikangoja siku tatu, hakuna iliyotoka. Unaona mashini inavyonyamaza? Inameza.

— Papa, mashini haimezi.

— Gusa chini yake. Si iko moto? Tumbo ya chatu ikishiba inakuwa moto vile vile.

Emérita akagusa chini. Ilikuwa moto kweli. Akaudhika kwamba ilikuwa moto.

— Ofisieli, Papa Albert akaanza, akinyoosha koti, mimi naona ni mambo ya madaraka. Windows ni chefu mumoja, Linux ni chefu mwingine. Programu yako ina barua ya chefu wa Windows. Umevuka mupaka na barua ile ile. Nani ataipokea?

— Programu haina barua, Papa Albert. Inapita pote pote, ilimradi ikute Python inayoijua.

— Pote pote bila barua? Hata nyanya haivuki vile.

Mama Francine akacheka, akamimina kahawa.

— Ninyi wote hamujui. Mashini ni ya padri, si vile? Imebatizwa. Wewe Mwalimu unasali wapi?

— Kwa Wabaptisti.

— Njo hiyo.

Emérita akafunga macho. Alikuwa amekwisha kujaribu kuweka Python yake mwenyewe, ile aliyoichunga mu kle yake, lakini ilikuwa ya Windows. Linux iliiangalia tu kama karatasi isiyosomeka. Kuitafuta ingine kwa internet, hapana: reseau ya Pinga siku ile ilikuwa inakuja na kuondoka kama muntu aliyesahau kitu. Dakika makumi mbili zilibaki. Akawaza uso wa Umurerwa, ambaye mwaka huu alikuwa namba themanini na moja kwa liste.

— Ofisieli, Papa Albert akasema kwa upole, hizi mbili zimefunga mulango. Zifute. Zote. Halafu utaona yako itaingia yenyewe.

Emérita alijua kwamba haiko hivyo. Lakini muchovu anasikia hata shauri la hovyo kama ni moja tu lililobaki. Akaandika amri ya kufuta, akaandika neno la siri alilopewa na padri, akagonga.

Mashini haikufuta. Ilitoa kwanza liste ndefu ya vitu vingine vyote vitakavyoondoka pamoja na Python hizo: madirisha ya kuonyeshea kazi, mambo ya reseau, imprimante ya kuchapishia karatasi, vingine ambavyo hata hakuvijua. Chini kabisa ikauliza kwa Kifaransa kama aendelee. O kwa oui, ndiyo; n kwa non, hapana.

— O! Papa Albert akasema. Ni herufi kubwa, njo wanayoipenda!

Na kidole chake kikashuka.

Mama Francine alikuwa na kijiko mukononi. Alimupiga Papa Albert juu ya vifundo vya vidole, paa! na kidole kikarudi kwenye koti kikikimbia.

— Mashini ya padri! akapiga kelele. Unataka Jumapili niambiwe mbele ya watu wote ilikufia kwangu?

Emérita akagonga n. Kumbe Linux yenyewe ilikuwa inatumia zile Python za zamani kwa kazi zake za ndani. Kuziondoa ingekuwa kung'oa nguzo za nyumba kwa sababu hupendi rangi yake. Akatamani kucheka, akatamani kulia, akanywa kahawa baridi.

— Mwalimu, Papa Edmond akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya muntu wa porini. Ile ya pili, unaiita namna gani?

— Python tatu.

— Tatu tu?

— Tatu tu.

— Mimi nikiwa kanisani, padri akisema Edmond, tunageuka wane. Na anayekuja ni yule aliye karibu naye. Labda umeita tatu, ikakuja ile ya karibu. Ita kwa jina lote.

Emérita akamuangalia. Akaandika python3, hakugonga kitufe cha kuingiza. Akagonga kile cha pembeni kinachomalizia maneno, mara mbili. Mashini ikamuonyesha majina yote yanayoanza vile.

Tatu nukta tano. Na chini yake: tatu nukta nane.

— Iko ya tatu! akalia. Kuna muntu aliiweka hapa zamani, haikuwa inaitwa na muntu!

— Chatu tatu, Papa Edmond akasema, na akahama tena.

Aliita ile ya tatu kwa jina lake lote. Haikusema kitu, ikafanya kazi. Imprimante ya Mama Francine ikakohoa, ikatoa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Emérita akatafuta namba themanini na moja. Umurerwa, mwaka elfu mbili na tano. Amezaliwa. Akamukumbatia Papa Edmond mbele ya watu, na muzee akakubali bila kupinga.

Trésor akafika, moto ikinguruma, hakushuka hata. Akapokea bahasha ya karatasi na kle ndogo.

— Kle ni ya nini? akauliza.

— Programu yangu. Inspekta anaitaka aitumie kwa shule zote za huko.

Akapiga honi, akaondoka, matope yakaruka mupaka kwenye benchi.

Sasa kila muntu alikuwa na sauti. Papa Albert alieleza jinsi yeye njo aliyeshauri tangu mwanzo kuwa na uangalifu. Mama Bénédicte, muuza sombe, yale majani ya muhogo, akaweka kitunga chake chini na kuuliza kelele ni ya nini. Wakamuelezea wote pamoja: mbili iliyokataa kamustari, tatu nukta tano iliyokwama, tatu nukta nane iliyookoa. Alisikiliza vizuri, mukono kwenye shavu.

— Nimeelewa, akasema. Na ile mashini ya inspekta, kule Masisi, iko na namba ngapi?

Kule juu ya kilima, sauti ya moto ya Trésor ilikuwa inapanda, inapungua, halafu haikusikika tena.

Emérita akafungua simu. Reseau ilikuwa imeondoka. Akavuta karatasi nyeupe kutoka kwa imprimante, akaomba kalamu amuandikie inspekta ni Python gani programu inataka.

— Mama Francine, akasema, leo kuna moto ingine inayoenda Masisi?