Mjane wa Ukurasani

Baraza letu lipo Malindi ya Unguja, kwenye kichochoro kinachotokea bandarini, na baada ya sala ya alasiri hukosi kutukuta. Masoud huja na birika lake la kahawa na ndoo ya vikombe, nasi tunakaa kwa mpango ule ule wa miaka. Karibu na mlango hukaa Abdulrazak, tunayemwita Jaji kwa kuwa aliwahi kuwa karani mahakamani na hajapata kusema jambo bila ya kulitolea hukumu. Anayemfuatia ni Abdulwahid, Kasuku, mchukuzi wa mizigo ya boti za Dar na wa maneno ya abiria wake. Mwisho mimi, Muhiddin. Mie wananiita Admini, maana kazi yangu ni kuendesha kurasa za watu mtandaoni: hoteli moja ya Mbweni, duka la madira, na sabuni ya mwani ya Bi Salhiya. Jina hilo nilikuwa nalipenda.

Siku ile niliwapelekea kesi, ila niliwapa nusu yake.

Niliwaeleza kuwa nilikwenda Jambiani kupiga picha za wakulima wa mwani. Mama mmoja, Bi Mwanamwema, alitoka majini na furushi kichwani, akacheka aliponiona navyohangaika na viatu vyangu kwenye tope. Nikampiga picha katikati ya kicheko. Akanichukua kwake, akanipa muhogo wa nazi, na akaniomba kitu kimoja tu: nimtumie mwanawe aliyeko Maskati ile picha. Nikaitikia, kisha nikasahau.

Picha niliiweka na maneno ya kweli, jina lake na kijiji chake. Haikutazamwa. Bi Salhiya akanipigia kuuliza kwa nini ukurasa umelala. Basi nikaiweka upya, nikaandika hivi: "Mumewe alifariki mwezi uliopita. Bado anaingia baharini kila siku kwa ajili ya wanawe. Ukinunua sabuni yetu, unamfuta chozi." Haikufika magharibi, watu walikuwa wanalia kwenye ukurasa kutoka Arusha mpaka Dubai, na Bi Salhiya alikuwa hana sabuni ya kuuza.

Nikawaambia wenzangu kwamba mume yu hai na mimi nalijua hilo, nikawauliza kama kutia chumvi kidogo kwenye tangazo ni dhambi.

Jaji alihukumu papo hapo kwamba tangazo si ushahidi, hakuna aliyekula kiapo, kwa hivyo hakuna uongo. Kasuku akaona hilo halitoshi. Kwa maoni yake, mama wa kwenye picha si Mwanamwema hasa, ni somo yake tu anayeishi ndani ya simu, na huyo wa ndani ya simu anaweza kufiwa hata mara tatu bila ya huyu wa Jambiani kupungukiwa na kitu. Jaji akaongeza kwamba hata huyo mume anafaidika, maana maelfu ya watu wanamuombea maghufira naye bado anavuta pumzi. Hapo Kasuku akamaliza kabisa: kila mtu afishwe mara moja mtandaoni angali hai, apate kuwajua wanaomlilia na wanaomsema. Tukacheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa nguvu kuliko wote.

Ile nusu niliyoificha ni hii. Siku ya tatu, chini ya picha, kulitokea maneno ya kijana mmoja: "Huyu ni mama yangu. Baba yangu yu hai. Naomba futa." Alikuwa ndiye yule wa Maskati. Niliyasoma mara mbili. Kisha nikayaficha maneno yake, kwa kuwa oda zilikuwa zinaingia, nikajiambia nitamjibu kesho. Zilipita siku tisa.

Tulikuwa bado tunacheka alipokuja mzee mmoja mrefu, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Akatusalimia, tukamwitikia, tukamsogezea nafasi. Masoud akampa kahawa. Mzee akanywa funda moja, akasema anaitwa Borafya, ametoka Jambiani, na dukani kwa sabuni wamemwelekeza hapa.

Akaikunjua karatasi gotini. Ilikuwa picha ya mkewe, imechapishwa kwa rangi, na maneno yangu chini.

— Mwenye kuandika haya ni nani?

Jaji alitazama kikombe chake. Kasuku alitazama barabarani.

— Ni mimi, ami, nikasema.

Hakupandisha sauti. Alinisimulia kama anayemweleza daktari. Shemeji yake wa Pemba alikuwa keshamsomea hitma, akidhani kafa kweli. Hilo lilimchekesha, alisema, mpaka yalipoanza ya mkewe. Waliosoma walihesabu: mume amekufa mwezi uliopita, na mke yumo baharini anacheka na meno yote nje, wakati alitakiwa awe ndani amekaa eda. Jamaa zake walioko mbali walipiga simu kumlaani. Jirani waliojua kweli waliona mke kapanga na watu wa duka, kamfisha mumewe apate kuonewa huruma. Wenzake wa mwani wakaacha kumpitia asubuhi.

— Siku ya sita leo hajashuka pwani, akasema. Anasema hataki kuonekana na mtu.

Nikatoa simu, nikaifuta ile picha mbele yake, nikamwonyesha pahali palipobaki patupu.

— Nshafuta, ami. Na nlijua tangu mwanzo. Mwanao aliniandikia, nikamficha.

Niliona Jaji akigeuka kunitazama. Mzee Borafya yeye aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyekuwa akilijua hilo tayari.

Nikamwambia nitaandika leo hii hii, kwa jina langu, kwamba yeye yu hai, mkewe hakusema uongo wowote, na uongo wote ni wangu. Nitaweka na picha yangu.

Akafikiri. Akakinywa kikombe chake mpaka chini, akakirudisha kwa Masoud kwa mikono miwili.

— Utaandika, sawa, akasema. Na watasoma wale wale?

Nikamtazama Jaji, mwenye hukumu ya kila kitu. Nikamtazama Kasuku. Mimi, ambaye hiyo ndiyo kazi yangu, jibu nilikuwa nalijua: maneno ya kweli niliyaweka mwanzo, na hayakutazamwa. Mzee akaendelea kututazama, mmoja baada ya mmoja, bila ya hasira hata kidogo. Alikuwa kweli anataka kujua.